Maswali ya Wasomaji: Nyonga, Kifua na Kitambi cha Mtoto Anayebalehe

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: mafuta ya mwili wa mtoto anayebalehe, yanakoongezeka na yanakopungua. Tumechagua saba, tukazifupisha na kuyaacha majina.

Binti yangu ametimiza miaka 12. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa na kilo 36 na urefu wa sentimita 145. Sasa ana kilo 45 na sentimita 152. Ungo hajavunja, ila matiti yameshaota. Sketi ya shule inamkaba nyonga, na bibi yake anamtania eti amekuwa bonge. Wiki ya pili hii kila jioni anasema ameshiba, hali. Nimpunguzie wali? — Mama, Tanga

Usimpunguzie chochote, mama. Kilo tisa kwa mwaka zinatisha ukizitazama peke yake, lakini ndio mwendo wa umri huo. Kila msichana ana mwaka mmoja ambao uzito hupanda kwa kasi kuliko miaka mingine. Wengi huongeza kilo nane hivi, wengine hufika kumi.

Tufanye hesabu. Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu kwa mita, jibu uligawe tena kwa urefu uleule. Mwaka jana: 36 gawa kwa 1.45, gawa tena kwa 1.45, unapata 17.1. Mwaka huu: 45 gawa kwa 1.52 mara mbili, unapata 19.5. Hiyo ndiyo BMI. Kwa mtu mzima namba hii husomwa kama ilivyo. Kwa mtoto haina maana bila umri na jinsia. Katika jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007, la miaka 5 hadi 19, msichana wa miaka 12 wa katikati ana 18.0. Uzito uliozidi huhesabiwa kuanzia juu ya 20.8, unene uliopitiliza juu ya 25.0, na wembamba wa kushughulikiwa ni chini ya 14.4. Binti yako yuko juu kidogo ya katikati, na mwaka huohuo amerefuka sentimita saba. Anakua.

Kinachojaza sketi ni hiki. Kabla ya balehe, mvulana na msichana hawatofautiani sana kwa kiasi cha mafuta. Ovari (vifuko vya mayai) zikianza kutoa estrojeni, homoni ya kike, mafuta mapya huelekezwa kwenye nyonga, mapaja, makalio na matiti. Mpaka balehe iishe, karibu robo ya uzito wa msichana huwa ni mafuta, wakati kwa mvulana ni asilimia 12 hadi 15 hivi. Msichana wa kilo 52 mwenye afya njema anaweza kubeba kilo 13 za mafuta, na hakuna hata moja ya kumwonea haya. Mwili unayahitaji kwa hedhi, na baadaye kwa ujauzito na kunyonyesha.

Mpangilio wa matukio nao unafaa kuujua. Tangu matiti yaanze kuota hadi kuvunja ungo hupita miaka miwili hadi miwili na nusu. Kasi kubwa ya kurefuka huja kabla ya ungo, na kasi ya uzito huifuata kwa kama miezi sita. Akishavunja ungo atabakiwa na sentimita tano hadi saba tu za kurefuka. Kumnyima chakula sasa ni kumnyima kimo ambacho hatapata nafasi ya pili ya kukidai.

Katika barua yako, kilichotushtua ni chakula cha usiku, wala si kilo. Mtoto wa miaka 12 anayeshiba kila jioni kwa wiki mbili mara nyingi amesikia neno. Utani wa bibi na mjukuu ni haki yao na hatuugusi, ila mwombe bibi atafute mada nyingine. Sketi ipeleke kwa fundi aachie mishono ya ubavuni, au nunua kubwa, bila maelezo. Na sahani yake ya jioni iwe na kitu cha kujenga damu, maana hedhi iko njiani: dagaa, maharage au mchicha, akamulie limau juu. Chai aisogeze saa moja baada ya kula, kwa sababu inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Kadi ya kliniki huishia miaka mitano, na baada ya hapo watoto wengi hawapimwi tena mpaka waugue. Kwa hiyo pima nyumbani, kila miezi mitatu, si kila wiki. Asimame peku, visigino, makalio na mabega vikigusa ukuta, macho mbele. Nywele zilizofungwa juu zifunguliwe. Weka kitabu kigumu bapa kichwani, upande wake mmoja ukiegemea ukuta, piga alama ya penseli, kisha pima kwa futi ya chuma ya mafundi ujenzi. Fanya asubuhi kila mara, kwani jioni mtu huwa amepungua karibu sentimita moja. Uzito upimwe kabla ya chai, baada ya kutoka msalani, kwa nguo nyepesi. Andika vyote viwili pamoja. Daftari lenye kilo bila sentimita litakudanganya.

Shikamooni. Mimi ni mvulana wa kidato cha kwanza, nina miaka 14. Chini ya chuchu zote mbili nina kitu kama kifungo, nikigusa kinauma. Bwenini naoga usiku peke yangu ili wenzangu wasinione. Nimeongeza pushapu lakini hakipungui. — Mwanafunzi, Iringa

Marahaba, mdogo wetu. Pushapu hazitakiondoa, kwa sababu hicho si mafuta wala msuli. Unavyokieleza, ni tishu ya titi, na zaidi ya nusu ya wavulana huipata kwa kiasi fulani katika balehe. Hakikisha hivi: lala chali, weka kidole gumba upande mmoja wa titi na cha shahada upande wa pili, uvisogeze taratibu kuelekea chuchu. Vikigonga kitu cha duara, kigumu kama mpira, kilichokaa katikati chini ya chuchu, ni tishu ya titi. Vikikutana bila kuzuiwa na kitu, ni mafuta.

Chanzo ni homoni. Korodani zinapoanza kazi, sehemu ya testosteroni, homoni ya kiume, hugeuzwa mwilini kuwa estrojeni, na mwanzoni mizani ya hizo mbili huwa haijakaa sawa. Ikikaa, kifungo huyeyuka chenyewe, kwa kawaida kati ya miezi sita na miaka miwili. Usikikamue, usikichue kwa dawa ya maumivu, usijifunge kitambaa. Vaa singlendi ya pamba ndani ya shati ili kisisuguliwe.

Nenda hospitali kikiwa upande mmoja tu, kigumu, na hakipo katikati ya chuchu. Kikitoa majimaji au damu. Kikizidi sentimita nne kwa upana. Au kikipita miaka miwili. Nenda pia kama korodani hazijaanza kukua, maana kwa mvulana hizo hutangulia mabadiliko mengine yote na mwisho wa kuzisubiri ni miaka 14. Taja kila dawa unayotumia. Vidonge vya ketokonazoli (dawa ya fangasi), spironolaktoni (dawa ya shinikizo na kuondoa maji mwilini), baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kama efavirenzi, na dawa za kutunisha misuli zote zinaweza kuleta hali hii. Uliyoandikiwa na daktari usiiache mwenyewe. Ni yeye atakayeibadilisha.

Nina michirizi kwenye mapaja na matiti. Niko na miaka 15. Mafuta gani yanaiondoa? — Msichana, Zanzibar

Hakuna. Ngozi ya ndani hupasuka kidogo mwili unapotanuka haraka kuliko inavyoweza kuvutika; wavulana wanaorefuka ghafla huipata mgongoni, imelala kama ngazi. Itafifia kwa mwaka au miwili. Mafuta ya nazi yatalainisha ngozi na kupunguza mwasho, basi. Tofauti ni michirizi ya zambarau iliyokoza, mipana kuliko sentimita moja, iliyojaa tumboni, pamoja na uso kujaa na kimo kusimama. Hiyo ni ya kupimwa. Na kama unapaka krimu ya kung'arisha ngozi, huenda ina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ambayo huchakaza ngozi na kuchora michirizi ileile unayotaka kuifuta.

Mwanangu wa kiume ana miaka 11, kilo 48, urefu sentimita 142, na kiuno nilipompima ni 78. Wazee wanasema nimwache, akibalehe atarefuka na kitambi kitapotea. Shingo yake ina weusi hautoki hata mamake amsugue vipi. — Baba, Mombasa

Wazee wako wameshika nusu ya kweli. Wavulana wengi hujaa kidogo kabla ya kurefuka. Mwendo wao wa kasi huja karibu na miaka 13 au 14, wakati mwingine sentimita tisa au kumi kwa mwaka, na hapo testosteroni hujenga msuli mwingi kiasi kwamba fungu la mafuta hushuka hata kama kilo za mafuta hazijapungua sana. Mtoto aliyejaa kidogo hutoka humo akiwa amenyooka. Wako hakujaa kidogo.

BMI yake ni 23.8, na kwa mvulana wa miaka 11 unene uliopitiliza huanzia juu ya 22.5. Kipimo cha pili hakihitaji hata kalamu. Chukua uzi, upime urefu wake wote kuanzia utosini hadi kisiginoni, ukate. Ukunje mara mbili. Sasa uzungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya yeye kutoa pumzi bila kubana tumbo. Ncha zikikutana, vizuri. Nusu ya 142 ni 71, kwa hiyo zake zitaacha pengo la sentimita saba. Mafuta ya kiunoni, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yenye madhara. Ya mapajani yana upole zaidi.

Shingo mwambie mamake aiache. Weusi mnene, laini kama mahameli, shingoni na kwapani, si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, imekuwa nyingi kwenye damu kwa sababu mwili umeanza kutoisikia, na dodoki litamchubua tu. Ubaya ni kwamba balehe yenyewe hupunguza usikivu wa insulini kwa karibu theluthi hata kwa mtoto mwembamba, kisha hali hurudi ikiisha. Anayeingia na kitambi anabebeshwa mizigo miwili. Mpeleke apimwe sukari asubuhi kabla hajala, na shinikizo la damu. Angalia kwamba mkanda wa mashine unaenea mkono wake: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli.

Sasa la kufanya, na hapa wazazi wengi hukosea kwa haraka. Lengo si apungue. Lengo ni kilo zisimame wakati kimo kinapanda. Akibaki na kilo 48 hadi afike sentimita 152 akiwa na miaka 13, BMI itakuwa 20.8, nayo ndiyo hasa mstari wa kutenga uzito wa kawaida na uliozidi kwa umri huo. Atakuwa ametoka kwenye unene uliopitiliza bila kupoteza hata kilo moja.

Anzeni na vinywaji. Soda ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 hivi, sawa na vijiko 12 vya chai, na haishibishi. Juisi ya pakiti haina nafuu kubwa, na ukwaju wa nyumbani wenye kikombe cha sukari ni soda isiyo na gesi. Maji, au maziwa. Cha pili ni mafuta ya kupikia: kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120, na viazi karai, bhajia na mahamri hunywa mafuta mengi kuliko yanavyoonekana. Hatusemi msile mahamri. Mahamri na mbaazi Ijumaa hayajamnenepesha mtu, ni yale ya kila siku pamoja na chipsi za kutoka madrasa. Cha tatu ni usingizi. Umri huo unataka saa tisa au zaidi, kwa hiyo simu ilale sebuleni. Cha nne, mwendo wa kutoa jasho wa dakika 60 kwa siku, hata zikigawanywa: mpira, kuogelea, kuendesha baiskeli.

Msimtengee sahani yake. Mtoto anayekula kabeji peke yake huku ndugu zake wanakula pilau hujifunza kula kwa kujificha. Nyumba nzima ibadilike, na wewe baba uanze kuonekana ukinywa maji.

Nina miaka 17, ni mwembamba, hipsi sina. Wenzangu wamenunua vidonge vya kunenepesha, wanasema wiki tatu tu unaona matokeo. Vina ubaya gani? — Msichana, Dar es Salaam

Wanayoyaona ni kweli, mdogo wetu, ila hawajui wanachokiona. Vidonge hivyo, ambavyo Kongo vimezoeleka kwa miaka mingi na vinauzwa huku pia, mara nyingi ni siproheptadini, deksamethasoni, au vyote viwili. Siproheptadini ni dawa ya mzio. Inaleta njaa na usingizi, na ukiiacha njaa huisha na kilo huondoka. Deksamethasoni ni steroidi kali. Inajaza uso, tumbo na kisogo, huku misuli ya mapaja na makalio ikipungua, yaani kinyume cha ulichokifuata. Inapandisha sukari na shinikizo, inadhoofisha mifupa, na kwa ambaye bado anakua inasimamisha kimo.

Kubwa zaidi: ukiitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake ya asili. Aliyezoea akikatisha ghafla anaweza kulegea, kutapika, shinikizo likaanguka, hata akafa. Kwa hiyo rafiki yako aliyezidisha wiki tatu asitupe vidonge leo. Aende hospitali na pakiti mkononi, apangiwe kupunguza kidogo kidogo.

Hakuna kidonge, sindano wala krimu inayoamua mafuta yakae wapi. Hilo lina estrojeni na damu ya ukoo: tazama mama yako na shangazi zako walivyokaa. Mwili huendelea kujipanga miaka kadhaa baada ya ungo, na miaka 17 si mwisho. Kama BMI yako iko chini ya 16.4, hapo kuna la kutazama, kuanzia minyoo na upungufu wa damu hadi mlo wenyewe. Ikiwa juu ya hapo, chuchumaa na kusimama mara 12, raundi tatu, siku tatu kwa wiki, ukibeba dumu la lita tano kifuani, pamoja na mayai na maharage, vitakupa makalio ya msuli kwa miezi mitatu. Ni polepole, tunajua.

Mimi ni mkimbiaji, miaka 16, kilo 46. Tangu tuongeze mazoezi hedhi imekatika miezi minne. Kocha anasema ni kawaida, ni dalili nimekuwa fiti. — Msichana, Eldoret

Kocha amekosea. Miaka miwili ya kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi kupishana siku 21 hadi 45 ni kawaida. Kupotea miezi mitatu mfululizo si kawaida kwa mwanariadha wala kwa mtu mwingine. Kama kuna uwezekano wa mimba, pima hilo kwanza.

Ubongo hauruhusu hedhi kabla ya kujua akiba iko kiasi gani, na mmoja wa wapeleka habari ni leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe. Iligunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Watoto wachache wanaozaliwa bila leptini hunenepa sana na bado hawabalehe mpaka wapewe, kwa kuwa ubongo unadhani wana njaa. Miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Rose Frisch alipendekeza kwamba hedhi huhitaji mafuta ya asilimia 17 ili ianze na 22 ili iendelee. Namba hizo hazikusimama kama sheria, maana wapo wakimbiaji wembamba wanaopata hedhi kila mwezi. Kinachoamua ni kama chakula kinabaki baada ya mbio.

Kilomita moja inakugharimu kalori kama 46, yaani moja kwa kila kilo ya uzito. Kilomita kumi ni 460, sawa na zaidi ya gramu 125 za unga mkavu wa mahindi, na hiyo ni ya mbio tu, kabla ya kukua na kusoma. Anayetoka mazoezini saa moja asubuhi na kula saa saba ameshaanza siku na deni. Kula ndani ya nusu saa: maziwa au mursik (maziwa ya mgando) na ndizi mbili, au uji wenye karanga. Ugali wa usiku uongezwe, na siku moja kwa wiki usikimbie kabisa. Usingoje, kwa sababu hadi miaka 18 msichana huwa amejenga karibu asilimia 90 ya mfupa wake, na bila estrojeni ujenzi huo husimama. Mifupa ya mguu ndiyo itakayolalamika kwanza, kwa nyufa ndogo zinazouma ukikimbia na kutulia ukilala. Kocha mwonyeshe barua hii.

Nimeona mizani ya bafuni inayotoa asilimia ya mafuta. Ninunue ya watoto wangu wawili, miaka 10 na 13? — Mzazi, Arusha

Hapana. Hupitisha umeme mdogo miguuni na kukadiria mafuta kutokana na maji ya mwili. Mtoto aliyetoka kukimbia au kunywa lita ya maji atasomwa tofauti na saa moja iliyopita. Nyingi zina hesabu za watu wazima. Fedha hiyo nunua futi ya chuma na kamba ya kuruka. Uzi wa kiunoni mnao tayari kwenye kikapu cha ushonaji.